Kabla Hujanunua Kikombe cha Kura za Kerry, Uliza Tarehe

Mwaka jana nilimtumia shemeji yangu wa Voi kikombe. Ni mwalimu mstaafu wa historia, na siasa za Marekani anazifuatilia kuliko mimi ninayeishi hapa Lowell, Massachusetts, jimbo ambalo John Kerry aliliwakilisha kwenye Seneti kuanzia 1985 hadi 2013. Kilikuwa kikombe cha dhihaka cha kampeni ya urais ya 2004, Kerry alipokuwa mgombea wa chama cha Democratic dhidi ya Rais George W. Bush. Upande mmoja askari ameshika mrija wa soda badala ya bunduki. Upande wa pili kuna orodha ya silaha ambazo Kerry eti alizipigia kura ya hapana: ndege za B-1, B-2 na F-15, helikopta ya Apache, makombora ya Patriot na Trident. Nililipa dola 22, na 11 za kukisafirisha hadi kwangu, bado posta ya Kenya. Shemeji alishukuru, halafu akauliza: "Sasa shemeji, hizi kura alizipiga lini?"

Kikombe hakisemi. Ikabidi nikae jioni tatu nikisoma kumbukumbu za kura za Seneti, na nilichokikuta kimenikasirisha hadi leo.

Orodha ile ilipata umaarufu kwenye hotuba ya Zell Miller, seneta wa Georgia, Mdemokrati aliyepanda jukwaa la mkutano mkuu wa chama cha Republican jijini New York tarehe 1 Septemba 2004 na kumshambulia Kerry, mtu wa chama chake mwenyewe. Alitaja silaha moja baada ya nyingine, kisha akauliza: basi majeshi yetu yapigane na nini, vidonge vya karatasi vilivyotafunwa? Ndiyo maana ya ule mrija: vidonge hivyo watoto huvipuliza kwa mrija. Lakini kura zilizotolewa kama ushahidi hazikuwa za silaha moja moja. Zilikuwa kura dhidi ya bajeti nzima ya ulinzi, kama ile ya 1990 na ile ya 1995. Anayeikataa bajeti anakataa kila kilichomo, na kwa hesabu hiyo unaweza kumwandikia silaha yoyote unayotaka. Silaha nyingine zimetolewa kwenye waraka wa kampeni yake ya 1984, alipokuwa bado anautafuta useneta na hana kura hata moja Seneti. Ukifuta mwaka, ahadi ya mgombea inageuka kura ya seneta. Tena Dick Cheney, ambaye 2004 alikuwa upande wa pili kama makamu wa rais wa Bush, alipokuwa Waziri wa Ulinzi alitaka kuachana na ndege ya V-22 Osprey, na Januari 1991 aliufuta kabisa mradi wa ndege ya A-12. Kikombe changu hakina nafasi ya habari hiyo.

Kwa hiyo vitu vya kumdhihaki Kerry vya kampeni ile mimi navipanga kwa jambo moja: je, kura inayodhihakiwa inaweza kutafutwa ikapatikana? Rangi, ukubwa na namna ya kufua kila muuzaji huyaandika.

Ninaiweka juu kabisa fulana ya bilioni 87. Hii inahusu dola bilioni 87 za vita vya Iraq na Afghanistan. Kerry aliunga mkono pendekezo la kulipia fedha hizo kwa kupunguza nafuu ya kodi waliyopewa matajiri. Pendekezo likaanguka, na tarehe 17 Oktoba 2003 muswada wenyewe ulipopita kwa kura 87 dhidi ya 12, yeye alikuwa kati ya wale 12. (Bilioni 87, kura 87: nimeona wauzaji wakizichanganya.) Kisha 16 Machi 2004, huko Huntington, West Virginia, akasema mwenyewe kwamba alizipigia kura bilioni 87 kabla ya kuzipinga. Dhihaka hii inamuuma mhusika kwa haki, kwa sababu kura ipo, tarehe ipo, na maneno ni ya kinywa chake. Nikiipata imechapwa kwenye Hanes Beefy-T siendi mbele. Hanes naipendelea waziwazi: pamba yake nzito na shingo hailegei. Ningeongeza dola tano kwa ajili ya lebo hiyo peke yake.

Beji inafuata. Haina nafasi ya maneno mengi, lakini geuza ukingo: beji nyingi za Marekani huchapwa hapo jina la kiwanda na alama ndogo ya chama cha wafanyakazi. Ukikuta ukingo mtupu, usilipe bei ya kitu cha 2004.

Ndala zilivuma sana, maana kwa Kiingereza jina la ndala, flip-flop, ndilo hilohilo wanalompachika kigeugeu, na wafuasi wa Bush walizipunga mikutanoni. Lakini ndala inamcheka mtu kwa kuyumba tu, haigusi kura yoyote. Raba ya miaka ishirini nayo hukatika ukiivaa.

Stika za gari ni za bei rahisi. Nunua ukipenda.

Vikombe vya orodha naviweka mwisho, na bei zake zinanichoma. Kila mwaka wa uchaguzi hupanda, hata kama kitu kimechapwa juzi. Kila kitu wanakiita "adimu". Gharama ya usafiri wanaificha hadi dakika ya kulipa. Niliyenunua kwake nilimwandikia kuuliza kura hizo ni za mwaka gani. Akajibu kwamba kikombe ni cha mapambo na hapokei kitu kilichorudishwa.

Sasa hivi, kabla sijalipa, namwandikia muuzaji mstari mmoja: "Kura ya tarehe ngapi?" Tangu Januari nimewauliza tisa. Aliyenijibu ni mmoja, wa fulana, na fulana ya shemeji imeshafika Voi.