Chungu cha mmea wa baa: kigeuze kwanza uone chini

Malalamiko ya wenye baa yanafanana. Mimea ilipendeza wiki za mwanzo, kisha majani yakaanza kuwa ya njano, pakazuka harufu ya tope, na vijidudu vyeusi vikawa vinatua kwenye glasi za wateja. Lawama huangukia mmea, au mhudumu aliyesahau kumwagilia. Mara nyingi muuaji ni chungu: chini hakina tundu.

Rangi na mtindo chagua mwenyewe, macho unayo. Hapa vyungu vimepangwa kwa swali moja tu: maji yakishaingia, yanatokea wapi? Baa humwaga maji kuliko sebule yoyote. Mteja anamimina bia iliyopoa, mwingine anatupa barafu na kipande cha limau, na msafishaji anamalizia na maji ya deki yenye dawa. Mwanga ni hafifu, kwa hiyo mmea unakunywa polepole na udongo unakaa mbichi siku nyingi. Sukari ya vinywaji inachacha humo, mizizi inakosa hewa na kuoza, na wale vijidudu wanataga mayai kwenye sentimita chache za juu.

Namba moja: Lechuza. Sifichi upendeleo wangu. Ni vyungu vya Kijerumani, vya kampuni ile ile ya midoli ya Playmobil. Udongo unakaa juu, maji ya akiba yanakaa chini, na kijiti cha kuelea kinakuonyesha kiasi kilichobaki. Vyungu vyao vingi vikubwa vina ndoo ya ndani yenye mishikio: mtu akimwaga bia humo, unainua ndoo, unamwaga akiba iliyochafuka, unasuuza, unarudisha. Wanaovinunua hukosea mwanzoni kwa kujaza akiba siku ile ile ya kupanda. Mizizi haijafika chini bado. Mwagilia kwa juu, kidogo kidogo, kwa wiki 12 hivi, ndipo uanze kutumia akiba. Tena usiache kijiti kikiwa juu muda wote; kikishuka hadi alama ya chini, subiri siku kadhaa kabla ya kujaza. Bei inauma, na kwa huku kwetu gharama ya kuvisafirisha inauma zaidi. Nunua viwili vya mlangoni, kwingine tumia namba mbili.

Namba mbili: saruji au terazo, lakini kitoboe. Kwa baa nyingi za Dar es Salaam na Nairobi hiki ndicho chungu cha kweli. Ni kizito, kiti hakikiangushi. Chungu cha upana wa sentimita 40 kinataka matundu manne ya milimita 12. Kilaze kifudifudi juu ya gunia, bandika selotepu mahali pa kutoboa ili biti (ncha ya drili) isiteleze, tumia biti ya zege na uzime mpigo wa nyundo wa drili, kwa sababu ukiuacha kitako kinapasuka. Endesha polepole huku ukidondosha maji. Chungu cha kauri chenye mng'ao kinataka biti ya kioo au ya almasi. Ya zege itakimega.

Kisha usipande humo moja kwa moja. Panda kwenye kopo la plastiki lenye matundu, uliweke ndani ya chungu juu ya vipande vitatu vya tofali ili lisikae kwenye maji. Siku ya kumwagilia toa kopo, lipeleke nyuma, mwagilia mpaka maji yachuruzike chini, ngoja dakika 20, rudisha. Piga hesabu ya uzito kabla hujaweka kitu juu ya rafu: chungu cha sentimita 40 kwa 40 kinabeba lita 50 hivi za udongo, na ukilowa ni zaidi ya kilo 50 bila chungu chenyewe.

Namba tatu: udongo wa kuchomwa. Kinapumua, karibu kila mara kina tundu, na bei yake ni ya kistaarabu. Lakini unyevu hupenya hadi nje, ukaacha duara jeupe kwenye sakafu ya mbao. Kiweke juu ya kisahani cha plastiki. Kisahani cha udongo nacho huvuja.

Namba nne: faibaglasi ndefu. Inapendeza kwenye picha. Ni nyepesi, juu pana na chini nyembamba, na mlevi mmoja anatosha kuiangusha. Tia mawe chini, kisha ndoo iliyopinduliwa, kopo likae juu yake.

Plastiki ya bei poa: kama ina matundu, itumie kama kopo la ndani. Basi.

Sasa kokoto. Karibu kila muuzaji atakwambia chungu kisicho na tundu utie kokoto chini, eti maji yatashuka huko. Hayashuki hivyo. Maji hukwama kwenye udongo laini mpaka ule wa juu ya kokoto ujae kabisa, kwa hiyo unachofanya ni kusogeza tope karibu na mizizi. Na kokoto anakuuzia. Pesa hiyo inunue udongo mzuri: debe mbili za kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), moja ya mboji iliyoiva, moja ya pumisi (mawe mepesi ya volkano) au mchanga mnene uliooshwa. Juu tandaza mchanga mnene wa sentimita 2, vijidudu vikose pa kutagia.

Mmea wenyewe hauhitaji maneno mengi. Zamioculcas (mmea wa ZZ) ndiyo ya kwanza: asili yake ni huku huku, toka Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, na viazi vyake vinatunza maji. Sansevieria inafuata, kisha mani planti ya kuning'inia juu ya kaunta. Areka na kangaga (fern) ziepushe na upepo wa kiyoyozi. Dieffenbachia usiilete kabisa. Utomvu wake unaunguza mdomo, na kuna mteja atakayelitafuna jani. Penye giza la kutosomeka gazeti mchana, funga taa ya LED ya wati 20 yenye mwanga mweupe wa 4000K, sentimita 50 juu ya majani, na taima ya saa 10 hadi 12. Iwake mchana baa ikiwa tupu, izimike kabla wateja hawajaingia.

Kabla ya kulipa, shika shina uvute taratibu. Likitoka lote, limepandwa juzi. Chokonoa udongo pia: wapo wanaoushusha mche chunguni na kiriba chake, ukabaki umefungwa ndani ya nailoni. Na kwa wauzaji wa kando ya barabara, iwe Ngong Road ya Nairobi au kwingine, usitamke neno baa. Bei inapanda papo hapo, halafu kisahani, ambacho kingepaswa kuja na chungu, unauziwa peke yake. Kidai kabla hamjaafikiana bei, na kiwe kipana kuliko kitako cha chungu kwa sentimita 5 pande zote.