Memori ya roboti imefutika: urudishe imeji nzima (nakala moja ya memori yote) au faili moja moja?
Kwenye roboti za viwandani za FANUC programu na data za masta (zinazoiambia roboti sifuri ya kila kiungo iko wapi) zinakaa SRAM, memori inayosahau kila kitu ikikosa umeme, inashikiliwa na kabetri ka lithiamu ka volti 3 kwenye bodi kuu, kakifa halafu umeme ukazimwa ndo imekula kwako. Imeji inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, unaipakia kabla sistimu haijawaka, ila kama data ilishaharibika siku ya bakapu unarudisha na uchafu wake. Faili moja moja zinachosha kweli, lakini unachagua unachotaka, na zile za LS (programu zilizoandikwa kwa maandishi ya kawaida) unazifungua hata kwa laptop ukazisoma. Mimi naanza na imeji, kosa lile lile likirudi ndo nahamia kwenye faili.