Pedi za kufua kwa wanafunzi: nzuri, ila maji kwanza

Mi nasimamia wasichana shuleni na hizi pedi za kitambaa tuliwagawia, kwakweli bidhaa yenyewe iko poa, haivuji hovyo, ina vifungo pembeni kwahiyo haihami hata binti akikimbia, na ukiitunza inaenda mwaka na zaidi. Shida iko kwenye kufua jamani. Inatakiwa uloweke maji ya baridi kwanza (ya moto yanafanya doa ling'ang'anie), usugue na sabuni, uanike juani ikauke kabisa, sasa binti anayelala chumba kimoja na kaka zake ataanika wapi? Wengi wanaficha chini ya godoro inabaki na unyevu, hapo ndo muwasho unaanza. Alafu wauzaji wapunguze maneno, eti pakiti moja inazuia mimba na ndoa za utotoni, weee! Inachofanya ni kumwepusha binti na kuomba mwanaume hela ya pedi kila mwezi, na hilo si dogo, ila ada na umbali wa shule viko palepale. Nawapa nyota nne, ya tano wakiweka sabuni na chupi humo ndani, maana wengine hawana hata ya kubadilisha.