Seti ya sili za nakoli ya Land Cruiser 80: kilichomo ndani ya boksi na kinachokosekana

Tairi la mbele la Land Cruiser 80 likilowa kwa ndani, uji mweusi ukatambaa kwenye rimu na breki zikaanza kuvuta upande mmoja, fundi wa kwanza utakayemwuliza atakwambia ununue seti ya nakoli, yaani sili (pete za kuzuia oili) na gaskiti za kile kiungo cha ncha ya ekseli kinachogeuza tairi. Hakosei. Shida ni kwamba kwa jina hilohilo, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, utauziwa maboksi ya namna tatu zisizofanana hata kidogo, na hata lililo bora kuliko yote halimalizi kazi peke yake. Hapa tunayapima yote matatu kwa gari la 1990 hadi 1998. Land Cruiser nyingine, HZJ75, 105 na zile mkonga za 78 na 79, zina mfumo wa aina moja, ila vipuri vyake havilingani vyote, kwa hiyo nunua kwa namba ya chesisi, si kwa neno la muuzaji kwamba "zote zinaingia".

Kabla ya kutoa hela, elewa kinachovuja. Ekseli ya mbele ya gari hili ni ngumu, moja kwa moja kutoka tairi hadi tairi, na kila ncha yake ina tufe kubwa la chuma. Ndani ya tufe hukaa jointi ya birifildi, inayoruhusu shafti kuzunguka huku tairi limekata kona. Jointi inaishi kwenye grisi, difu (gia za katikati ya ekseli) inaishi kwenye oili, na mpaka kati yao ni sili moja ndogo iliyogongewa kwenye mdomo wa neli ya ekseli. Kwa nje, tufe hupanguswa na pete ya felti, pete ya mpira na vipande vya bati vinavyozishikilia. Hizi za nje ndizo zinazolaumiwa kwa sababu ndizo zinazoonekana zimelowa. Lakini felti haikuwekwa pale kuzuia oili. Kazi yake ni kupangusa vumbi na kubakiza grisi nzito ndani. Oili ikishaipita ile sili ndogo, inailainisha grisi mpaka iwe kama uji wa mgonjwa, na hakuna felti duniani itakayouzuia uji huo. Ukibadilisha felti peke yake umenunua wiki kadhaa za usafi.

Tufe lenye utando mwembamba wa grisi ni zima. Tufe kavu linalong'aa ndilo la kutiliwa shaka, maana huenda ndani hakuna grisi tena. Kinachotakiwa kukushtua ni majimaji yanayodondoka na harufu ile kali ya kiberiti ya oili ya difu. Osha pande zote mbili kwa dizeli na sabuni, kausha, endesha kilomita 50, kisha uchungulie. Maji ya breki ni mepesi na hubabua rangi. Oili ya stelingi inayotoka kwenye boksi la stelingi hutiririka kutoka juu, upande wa dereva, na imewaponza wengi wakafungua nakoli isiyo na kosa. Ukitaka uhakika, fungua plagi ndogo ya mraba iliyo juu ya nakoli na uchovye waya. Ukitoka na grisi inayoshika, sili ya ndani bado inafanya kazi. Ukitoka na mchuzi, imekufa. Halafu fungua plagi ya kujazia ya difu: ncha ya kidole iguse oili. Ikiwa oili imeshuka na nakoli imejaa, umeshajua imekwenda wapi.

Na kipumulio, yaani njia ya ekseli kutolea hewa? Hiki hakimo kwenye boksi lolote, na pengine ndicho kinachoua sili nyingi kuliko umri. Ekseli ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka. Kipumulio kikiziba kwa tope, hewa hutafuta njia nyingine, na njia rahisi ni mdomo wa sili. Ukiingiza ekseli ya moto kwenye mto wa maji baridi, mambo hugeuka: hewa hunywea na maji hufyonzwa ndani. Fuata kipira kutoka juu ya ekseli hadi ncha yake, kichomoe, upulize. Pumzi isipopita, seti mpya ya bei yoyote itavuja kama ile iliyotangulia.

Sasa maboksi yenyewe.

La kwanza ni la Toyota halisi. Lina sili mbili za ndani, sili za habu (kitovu cha gurudumu), seti kamili za felti, mpira na bati, na gaskiti za spindo (uti unaobeba habu) na za kifuniko chake. Faida yake kubwa ni ile sili ya ndani: mpira wake ni laini, mdomo wake una springi iliyokaa sawa, na kipenyo chake kinabana neli bila kulazimishwa. Felti yake ni nene, na mara ya kwanza huwa ngumu kuipanga mpaka mtu adhani amepewa ya gari lingine. Ni yenyewe. Upungufu wake ni kwamba halina beringi hata moja. Beringi za juu na chini za nakoli ni nne kwa ekseli nzima, na za magurudumu ni nne pia. Utazinunua kando, na hapo bei hupanda haraka.

La pili limekusanywa na wauzaji wa vipuri kwa kutumia sehemu za viwanda vya Japani: beringi zilizochongwa jina la Koyo, sili zenye alama ya kiwanda juu ya mpira wenyewe, pamoja na washa za kukunja na sekilipu (klipu ya kushika ncha ya shafti). Kwa mtu anayefungua ekseli ya gari la miaka thelathini, hili ndilo lenye akili zaidi, kwa sababu beringi za zamani zitakuwa zimechoka tu. Ila usisome boksi, soma sehemu. Boksi la rangi nzuri lenye beringi isiyo na maandishi kwenye chuma ni la kurudisha hapohapo dukani. Linganisha sili ya ndani na ile uliyotoa: kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani na unene. Ikitofautiana kwa unene, simama, kwa sababu mdomo wake utakaa mahali pengine juu ya shafti.

La tatu ni lile lisilo na jina, au lenye jina la kuazima. Gaskiti zake zinafaa. Bati zake ni laini na hujikunja ukikaza bolti, hivyo pete haibani tufe sawasawa pande zote. Felti yake ni nyembamba, na sili zake za ndani huwa ngumu kama plastiki ya ndoo. Kwa gari la kuzunguka shambani, linaloongezwa oili kila mwezi, linaweza kupita. Kwa gari la safari ni hasara, si kwa sababu ya bei bali ya jasho: kuirudia kazi hii ni siku nzima nyingine, na ukichelewa, oili hupenya hadi kwenye habu, huosha grisi ya beringi za gurudumu na kuishia kwenye pedi za breki. Pedi iliyonywa oili haioshwi, hutupwa.

Ununuzi unaotufaa sisi ni huu: sili mbili za ndani ziwe za Toyota halisi, hata kama kila kitu kingine kinatoka boksi la pili. Beringi ziwe za Japani. Usibane hela kwenye kipande kidogo kuliko vyote wakati ndicho kilichokufikisha gereji.

Ubora wa boksi, hata hivyo, hupimwa na ufungaji. Kwenye uti wa habu utahitaji soketi ya milimita 54. Ukiona nati zina makovu ya patasi, ujue fundi aliyetangulia hakuwa nayo. Washa za koni kwenye flenji (bamba la nje la habu) hazing'olewi kwa bisibisi: legeza nati, ziache zikilinda nyuzi, kisha gonga flenji kwa nyundo ya shaba mpaka koni ziruke. Kabla ya kufungua mkono wa stelingi na kifuniko cha upande wa pili, andaa vifuko vinne na uandike: kulia juu, kulia chini, kushoto juu, kushoto chini. Ndani yake weka shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) za kila sehemu. Shimu hizi ndizo zinazoiweka nakoli katikati ya ekseli. Ukizichanganya, shafti itapita kwenye sili ikiwa imelalia upande mmoja, na sili mpya ya Toyota itavuja kabla hujamaliza kumlipa fundi. Kosa hili ni la kawaida mno, na kila mara anayelaumiwa ni muuzaji wa seti.

Kagua shafti ya ndani pale mdomo wa sili unapogusa. Pitisha ukucha: ukikwama kwenye mchirizi, sili peke yake haitatosha. Badilisha shafti, vika bushi nyembamba ya chuma juu ya mchirizi, au gonga sili kina tofauti kidogo ili mdomo uangukie chuma kipya. Njia hii ya mwisho inakubalika mradi sili bado inashikwa vizuri na haijapinda. Kagua pia bushi ya shaba ndani ya spindo. Ikilika, shafti huning'inia na kuisukuma sili kwa chini. Hakuna seti kati ya hizi tatu yenye bushi hiyo.

Sili igongwe kwa kipande bapa chenye upana wake wote, isilale upande, na mdomo wake upakwe grisi kwanza. Kisha shafti iingie ikiwa imebebwa mlalo kwa mikono miwili. Mtu akiiburuza juu ya mdomo wa sili, meno ya shafti huikata palepale, na hutajua mpaka wiki ijayo.

Kwa beringi za nakoli, funga kila kitu bila felti na mpira, kaza nati za mkono wa stelingi na za kifuniko kwa 96 Nm, kisha ning'iniza mizani ya springi, ile ya wauza samaki inafaa kabisa, kwenye tundu la mwisho wa mkono wa stelingi na uvute mpaka nakoli ianze kusogea. Isome kati ya kilo 3 na 6. Ikiwa chini ya hapo, punguza shimu. Ikiwa juu, ongeza. Studi za mkono huo zina tabia ya kulegea na hatimaye kukatika, kwa hiyo safisha nyuzi zake kabisa, na baada ya kilomita elfu moja rudi ukazikague kwa spana ya toki.

Grisi ya birifildi ni ya lithiamu yenye molibdeni, namba 2. Isukumie ndani ya jointi kwa vidole mpaka itokee upande wa pili, halafu jaza nakoli robo tatu, usizidishe. Kopo la kilo 2 hutosha pande zote pamoja na beringi za magurudumu. Kwenye habu, kaza nati ya ndani kwa 59 Nm huku ukizungusha, legeza, kaza tena kidogo kwa mkono mpaka mchezo uishe, weka washa, kisha kaza nati ya nje kwa 64 Nm na ukunje washa mpya pande mbili. Flenji ni 35 Nm. Sekilipu ya mwisho ikikataa kuingia, fungia bolti ya M8 kwenye tundu la ncha ya shafti uivute nje. Wengi huipiga nyundo bila kujua tundu lile liliwekwa kwa kazi hiyo. Difu ijazwe 80W-90 ya GL-5, karibu lita 3, mpaka ianze kumwagika kwenye plagi ya kujazia gari likiwa limesimama sawa.

Kuna mivujo miwili ambayo seti hii hulaumiwa bure. Wa kwanza ni wa sili ya pinioni, pale propela inapoingia difu: huo hurusha oili kwa duara juu ya bodi na chesisi, wala haufiki kwenye nakoli. Kabla ya kufungua nati ya pinioni, weka alama ya nati na shafti na uhesabu nyuzi zinazoonekana, kisha uirudishe hapohapo. Ukiikaza kupita kiasi, unaibonyeza ile bushi ya ndani inayopima mbano wa beringi, na difu itaanza kulia. Wa pili hauonekani kabisa kwa nje: oili ya giaboksi kupita kwenye sili ya shafti na kuingia transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma). Dalili yake ni giaboksi kupungua na transfa kufurika ukifungua plagi, bila tone hata moja chini ya gari. Hapo suluhisho ni kushusha transfa na kubadilisha sili ya katikati, na hadi siku hiyo, pima plagi zote mbili kila unapobadilisha oili ya injini.