Roadster yangu imerudi kuwa nyekundu: siku nne kwa mzee wa rangi, Kinondoni

Mwezi wa pili mwaka huu kijana anayeosha magari jirani na duka langu Magomeni aliniuliza, kwa nia njema kabisa, "Anti, hii pinki ulipigia wapi?" Gari langu si la pinki. Ni Eunos Roadster ya 1991, jekundu, lita 1.6, viti viwili, zile taa za mbele zinazoinuka kutoka kwenye bodi ukiwasha. Eunos ni jina ambalo Mazda walilitumia kuuzia gari hili kwao Japani tangu 1989. Kwingineko wanaliita MX-5. Nililinunua 2013 kwa mama mmoja wa Upanga aliyekuwa anahama, na fedha yake niliipata kwa kushona sare za shule miaka mitatu. Swali la yule kijana lilinikaa moyoni siku nzima.

Na alikuwa sahihi. Boneti ilikuwa imepauka mpaka ukipitisha kidole unabaki na unga kama wa chaki. Buti vilevile. Milango ilikuwa na afadhali kidogo. Lakini nikifungua mlango, kwenye fremu ambako jua halifiki, wekundu ulikuwa ule ule wa kiwandani. Mimi ni fundi cherehani, kupauka nakujua. Kanga inayoanikwa kila siku upande mmoja, ukiigeuza unakuta maua yake bado yapo. Nikajiambia hata hili litakuwa na upande wake wa ndani.

Mafundi watatu wa kwanza hawakuona hivyo. Wa kwanza aliomba milioni moja na laki nane kupiga msasa gari zima na kupuliza upya. Wa pili milioni moja na laki mbili. Wa tatu alichukua kitambaa cheupe, akatia polishi kidogo, akasugua ubavuni, kitambaa kikatoka chekundu. Akanionyesha: "Unaona? Rangi inaondoka. Hakuna kitu hapa." Kisha akatoa sumaku mfukoni, akaiweka kwenye boneti, ikaanguka. Akaniambia boneti yote ni puti, ile dawa ya kuzibia mabonde ya bodi, huko nyuma iligongwa vibaya. Laki tisa, na nimwachie gari wiki mbili. Nilikuwa karibu kukubali.

Wa nne ndiye ninayeandika habari zake hapa. Gereji yake iko Kinondoni, ukiingia ndani kutoka barabara ya Kawawa, haina bango, ina geti la bati la bluu na mwarobaini mbele yake. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, ana vijana wawili. Nilimwamkia, akaitikia, akazunguka gari mara mbili kimya kabla ya kusema neno. Nikamweleza habari ya sumaku. Akasema, "Mwanangu, sumaku haiwezi kushika hapa hata ukikaa nayo mpaka kesho. Boneti ya gari hili ni aluminiamu, wametengeneza hivyo kiwandani kupunguza uzito." Akafungua boneti, akanionyesha upande wa chini. Hakuna alama ya kunyooshwa, hakuna puti. Miaka yote hii nimemiliki gari hili na sikujua.

Kuhusu kitambaa chekundu alinieleza hivi. Magari mengi ya siku hizi yana rangi chini na klia juu, yaani tabaka angavu la kuikinga, na ukisugua klia kitambaa hakitoki na rangi ya gari. Hili langu limepulizwa rangi moja tu isiyofunikwa na kitu. Kwa hiyo kitambaa kutoka chekundu ni jambo la kawaida, maana yake ni kwamba unagusa rangi yenyewe. Kilichokufa ni utando wa juu tu, uliokaushwa na jua. Chini yake rangi ipo. Swali ni kiasi gani.

Hapo akatoa kifaa ambacho wale watatu hawakuwa nacho: kipimo cha unene wa rangi, kidogo kama simu ya kitochi, kinachosoma juu ya chuma na juu ya aluminiamu pia. Unene unahesabiwa kwa maikroni. Unywele mmoja wa kichwani ni kama 70. Kijana wake aliandika kila namba kwa chaki kwenye sakafu. Mlango wa kushoto 112. Buti 105. Boneti 94. Madigadi ya nyuma kulia ikasoma 310, na mzee akaniangalia. Nikakumbuka bodaboda iliyonigonga Magomeni Mapipa mwaka 2016. Pale palinyooshwa na kupulizwa. Bampa zote mbili ni plastiki, kifaa hakisomi. Akasema rangi inatosha kufufuliwa bila kupuliza popote, bei laki tatu na nusu, siku mbili. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulipenda: "Hiyo madigadi itakusumbua. Sasa hivi vyote vimepauka, vinafanana. Nikimaliza, vingine vitakolea na yenyewe itabaki na wekundu wake wa gereji."

Nilikaa pale siku ya kwanza nzima kwa sababu nilitaka kuona. Waliosha gari kwa maji ya bomba waliyoyajaza kwenye pipa, ingawa uani kuna kisima. Mzee hakubali maji ya kisima yaguse gari kabla ya kazi, kwa kuwa yana chumvi, yakikaukia juu ya bodi yanaacha madoa meupe ya mviringo. Ninayo hayo madoa kwenye vioo, na sasa najua yalikotoka. Baada ya kukausha akanipa mfuko mtupu wa mkate niuvae mkononi kama glavu, nipapase buti. Jaribu nyumbani kwako. Mkono mtupu unaona bodi ni laini. Ndani ya nailoni unasikia vijipele tele, kama umeshika msasa. Hivyo ni vumbi la chuma, utomvu na moshi wa barabarani uliojishika kwenye rangi. Wakavitoa kwa kipande cha udongo laini maalum wakikiteleza juu ya maji ya sabuni, polepole, wakikifinyanga upya kila kikichafuka. Kazi hiyo peke yake ilichukua saa tatu nzima.

Halafu ikaja sehemu iliyonishangaza. Badala ya kuwasha mashine, mzee alichukua chupa ya Meguiar's namba 7, dawa nzito yenye mafuta, akaipaka gari zima kwa mkono kwa taulo nene. Aliimwaga kwa wingi na kuisugua kwa nguvu, akaiacha usiku kucha. Hiyo dawa haikwangui. Alisema rangi kavu ukiipiga mashine moja kwa moja unapoteza nyingi bure, inyweshe kwanza. Asubuhi iliyofuata boneti ilikuwa imeshakolea kabla ya mashine yoyote kugusa. Akairudia tena usiku wa pili. Mimi nguo ya pamba ngumu nailoweka kabla ya kukata, kwa hiyo nilimwelewa bila maelezo zaidi.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya mashine, ile ambayo sponji yake inazunguka huku inatikisika, yenye kompaundi laini, dawa inayokwangua rangi kidogo kidogo. Kingo zote za milango, mikunjo ya bodi na mdomo wa vifuniko vya taa vilifungwa kwa utepe wa karatasi, kwa kuwa kwenye kona rangi ni nyembamba na mashine inaweza kuila hadi chini kwa muda mfupi sana. Alikuwa akifanya eneo dogo, kama upana wa magazeti mawili, anasimama, anasafisha sponji kwa brashi, anaendelea. Sponji zilikuwa nyekundu kama zimetoka kwenye damu. Mlango wa kushoto uliposomwa tena ulikuwa 109. Maikroni tatu tu ndizo zilizoondoka, na mimi nilikuwa natazama mlango unaoakisi mwarobaini, na majani yake unaweza kuyahesabu. Nilishika mdomo. Sioni haya kusema machozi yalinitoka.

Wakati huo huo aliingia kaka mmoja na Altezza nyeusi, klia ya paa imebanduka mabaka mabaka kama ngozi iliyoungua. Alitaka afanyiwe kama mimi. Mzee alimkatalia pale pale: klia ikishaanza kubanduka hakuna polishi inayoirudisha, paa hilo ni la kupuliza, na yeye kupuliza ameacha. Akampa namba ya mtu mwingine. Nalitaja hili kwa wenye magari ya klia, msije mkafunga safari bure. Ikiwa imefifia tu au ina michirizi ya matambara, nenda. Ikiwa inabanduka, haikufai.

Kuna mambo sikuridhika nayo. Siku mbili zilikuwa nne. Ule usiku wa ziada wa mafuta naukubali, lakini hakuniambia mapema, na umeme ulipokatika saa nane mchana siku ya tatu hawakuwa na jenereta, tukakaa tu mpaka jioni. Buti alimwachia kijana mmoja aimalizie kwa mashine ile nyingine ya kuzunguka moja kwa moja. Kivulini ilionekana safi. Kesho yake nilipoegesha barabara ya Ocean saa nne asubuhi, jua likiwa pembeni, niliona mawimbi ya duara yanacheza juu ya buti kama mafuta juu ya maji. Niliirudisha. Mzee aliangalia, hakujitetea, akaifanya yeye mwenyewe upya bila kudai senti. Pia mabaki meupe ya kompaundi yalibaki kwenye mpira wa madirisha na kuzunguka herufi za nyuma; hayo niliyatoa mwenyewe na mswaki. Risiti hakuna mpaka uombe.

Madigadi ilikuwa kama alivyosema. Ukisimama nyuma, kulia ni nyekundu ya nyanya na kushoto ni nyekundu ya pilipili mbivu. Nimeamua iishi hivyo mpaka nipate fedha ya kuipuliza hiyo peke yake kwa mtu anayejua kulinganisha rangi.

Na kuna doa. Kwenye boneti, upande wa dereva, kunguru aliniachia uchafu siku nilipoegesha chini ya mkungu kule Upanga, ukakaa juani siku mbili. Wote tunawajua hawa kunguru wa India waliojaa mjini. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na leo hakuna mti wa Dar wasiokuwepo. Kinyesi chao kikipata jua kinakula rangi. Doa lilipungua kwa nusu, kisha mzee akazima mashine. Nikamwomba aongeze kidogo. Akanionyesha kipimo: 88. Akasema, "Nikilifuata hilo doa utalipoteza eneo zima, na rangi iliyobaki hujui utaihitaji tena lini." Nilibisha. Hakugusa. Siku ile nilikasirika, leo namshukuru. Wale watatu wangekwangua hadi chuma kwa furaha.

Mwisho alipaka nta ya kanauba, ile inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi. Nilimuuliza habari ya seramiki, ile dawa ya kupaka inayokauka kuwa utando mgumu, inayotangazwa sana mitandaoni, akanikatalia kwa gari hili: rangi imejaa mafuta, seramiki haitashika vizuri. Nta kwa jua letu si ya kudumu. Mimi maji yaliacha kujikusanya kuwa matone baada ya wiki ya saba, nikapaka tena mwenyewe kwa kopo la elfu thelathini na tano nililonunua Kariakoo. Dakika arobaini, kivulini, jioni. Yule kijana wa Magomeni sasa gari langu anaosha kwa shampuu ninayompa mimi, sifongo mbili na ndoo mbili, na unga wa sabuni nimempiga marufuku.

Kwa wanaotaka kwenda: mzee hapokei gari bila kuliona, hapangi kazi kwa simu, na gari moja tu kwa wakati mmoja. Nenda asubuhi kabla ya saa tatu. Mweleze ukweli wote wa gari lako, wapi liligongwa na nani aliliosha, kwa sababu kipimo chake kitamweleza hata usiposema. Magari ya zamani yenye rangi isiyo na klia ndiyo anayapenda, utamwona uso unavyobadilika. Mimi nimepanga kumrudia mwezi wa kumi na mbili, kabla ya jua la Januari, kwa usiku mmoja wa mafuta bila mashine. Ameshanitajia bei: elfu sitini, na taulo nije nalo mwenyewe.