Uzoefu wangu: wiki mbili kwenye ngome ya Warumi, na aliyenifundisha kweli ni nani

Mi naishi Newcastle, Uingereza, kazi yangu ya stoo tu, ila mambo ya kale nayapenda toka mdogo. Julai nikalipia mafunzo ya kuchimba karibu na ukuta wa Hadrian, ule waliojenga Warumi huku kaskazini, jina la shule naliacha. Kilichonivuta ni ukurasa wao wa wakufunzi: profesa na madigrii yake, mtaalam wa vyungu, mtaalam wa mifupa ya wanyama, halafu chini kabisa mama mmoja kaandikiwa mstari mmoja tu, miaka ishirini na kitu kwenye makampuni ya uchimbaji. Nikampita kama sijamuona.

Profesa tulimuona siku ya kwanza, akatupa lekcha tamu kwelikweli, akapanda gari, kwaheri ya kuonana. Nyota moja nimekata hapo, maana picha yake ndo walitutegea.

Sasa huyo mama! Huku toka 1990 mtu akitaka kibali cha kujenga penye mabaki ya kale, kawaida yeye mjenzi ndo anagharamia uchimbaji, kwahiyo wanaakiolojia wengi wameajiriwa na makampuni, wanachimba mvua jua huku katapila linasubiri pembeni. Ndo alikopikwa huyu. Siku ya pili mi nakwangua udongo kama nasugua sufuria lililoungua, akapiga magoti, akaninyang'anya mwiko wa kuchimbia, kama wa fundi mwashi (ule mdogo wa inchi 4, chapa ya WHS, wote wanautumia huo), akasema vuta kuja kwako, rudi kinyumenyume, usikanyage ulipokwisha kusafisha, halafu sikiliza. Nikasikiliza. Mwiko unakwaruza kwaru kwaru kwaru, ghafla kimya, laini kama unapaka siagi. Akapuliza maji na kichupa cha saluni, likajitokeza duara jeusi saizi ya kitako cha sufuria: shimo la nguzo, mbao ilishaozaga zamani imebaki rangi tu. Mwenyewe ningelikwangua lote likaisha.

Yule wa vyungu alitokea makumbusho, mpole, anaongea na vigae kuliko watu. Akashika kipande chekundu kinachong'aa akasema hiki kimetoka Gaul, yaani Ufaransa ya leo. Nilivyomwambia kwetu Kilwa uso ukamchanua, kumbe Mortimer Wheeler, yule aliyechimba mji wa Kirumi wa Verulamium miaka ya 1930 na mkewe Tessa, na Kathleen Kenyon, aliyekuja kuwa mwanaakiolojia mkubwa, akajifunzia kazi hapohapo kwao, alifika pwani yetu 1955 akashangaa vigae vya Kichina vilivyojaa kule. Sisi tulikua tunavirusha baharini kushindana nani kafika mbali, sikumwambia hilo.

Jumamosi nikaenda Vindolanda kivyangu, ngome nyingine ya Warumi karibu na ukuta huohuo. Pale kazi ni ya ukoo kabisa, Eric Birley alinunua eneo 1929, mwanae Robin akavipata vibao vya mbao vyenye maandishi ya Warumi 1973, na mjukuu Andrew naye akaja kuongoza uchimbaji. Shule gani itakupa hiyo, umekua unakanyaga matope yaleyale toka mtoto.

Nyota 4. Ukitaka kulipia uliza kabla kila mkufunzi anakaa shimoni siku ngapi, wajibu kwa maandishi. Na beba kitu cha kupigia magoti, mi nilijaza magazeti kwenye foronya, ikalowa siku ya tatu.