Kliniki ya mkojo hospitali ya rufaa Bugando, Mwanza: nilivyoelezwa kansa ya figo mpaka nikaelewa

Naandika kwa ajili ya mtu aliyeambiwa jana au juzi kwamba ana kansa ya figo na usingizi umekata, mana mimi nilikuwa hapo hapo mwezi wa tatu.

Nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Nilianza kukojoa damu, haiumi popote, inakuja siku mbili inapotea, na huku kwetu ziwani ukisema mkojo una damu kila mtu anakwambia hiyo kichocho, kwa hiyo zahanati niliyoenda nikapewa dawa za kichocho, alafu za UTI, alafu za UTI tena, miezi mitatu ikaisha hivyo hakuna aliyesema tupige utrasaundi. Nilipoipiga kwa hela yangu ndo uvimbe ukaonekana figo ya kushoto. Aliyenipa majibu alisema tu "mama hii inaonekana kansa, nenda rufaa" akaita mwingine. Nilikaa kwenye ngazi pale nje sijui hata nishike daladala ya wapi.

Sasa Bugando. Kwanza sitiskani, ile picha kubwa ya ndani ya mwili, ile dawa wanayokuchoma mshipani unasikia joto mpaka unadhani umejikojolea, usiogope inapita. Majibu yalipotoka daktari alivuta kiti akasema "kaa mayu", yaani mama kwa Kisukuma, "na binti akae". Akageuza karatasi akachora figo mbili kama maharage, moja akaiwekea duara, akachukua rula akanionyesha sentimita 5 ni kiasi gani. Akasema ikiwa haijazidi 7 na imebaki ndani ya figo hiyo ni hatua ya kwanza, ya tatu ni pale inapoingia mshipa mkubwa au mafuta yanayozunguka figo, ya nne imeshasambaa, mfano kwenye mapafu, ndo mana na kifua walinipiga picha. Yangu ya kwanza. Binti yangu alilia pale pale.

Nikauliza mbona hamjanikata kinyama mkapime? Akasema kwa figo picha ikiwa wazi mara nyingi wanatoa kwanza, ndo kinaenda maabara. Nikauliza dripu za kansa, nilikuwa naziogopa kuliko kisu, akasema za kawaida hazisaidii sana kansa ya figo, dawa yake kubwa ikiwa haijasambaa ni operesheni. Wakati mwingine wanatoa uvimbe tu, yangu imekaa katikati itatoka figo yote, na nyingine wameipima iko vizuri, mtu anaishi na moja. Ila akanikataza diklofenaki, zile dawa za maumivu, na mimi nilikuwa nazimeza kama pipi kwa ajili ya mgongo.

Nampa nyota 5 kwa ile nusu saa. Ukienda nenda na mtu wa kusikiliza pamoja na wewe, uliza saizi, uliza imefika wapi, uliza figo ya pili ikoje.

Karatasi ile ninayo kwenye pochi. Mdogo wangu alivuka na kivuko cha Kamanga akafika analia kama amekuja msibani, nikamkalisha, nikatafuta peni, nikamchorea na mimi.